Kupima ufanano wa hati: mwongozo kamili, kuanzia kusafisha maandishi hadi kuweka kizingiti

Malalamiko ni yaleyale kila mara. Mtu ana hati mbili zinazosema jambo moja, anaziingiza kwenye programu inayotoa alama kuanzia 0 (hazifanani) hadi 1 (ni zilezile), anapata 0.2. Anaweka nyingine mbili zisizo na uhusiano wowote, anapata 0.8. Anabadilisha fomula, hali inabaki vilevile.

Mara nyingi fomula haina kosa. Kosa limefanyika kabla yake: maandishi yameingia yakiwa machafu, au aliyeuliza hakuamua anatafuta ufanano wa aina gani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu matayarisho. Hesabu zenyewe ni chache, na mtu aliyesoma sehemu na vipeo shuleni atazimudu.

## Mahitaji

- Hati zako zote zikiwa maandishi matupu, zimehifadhiwa kwa UTF-8 (namna ya kawaida ya kuhifadhi herufi kwenye kompyuta), kila moja na jina au namba yake.
- Folda ya pili yenye nakala za awali ambazo hutazigusa. Usafishaji ukiharibika, utarudi huko.
- Python, yaani lugha ya programu, na maktaba yake ya zana iitwayo scikit-learn. Kama hati hazizidi kumi na ni fupi, lahajedwali au hata karatasi inatosha.
- Orodha fupi ya maneno-viungo: na, ya, wa, za, kwa, ni, katika na wenzake.
- Mtu wa pili wa kukusaidia kusoma baadhi ya jozi. Wengi huruka hitaji hili, na ndilo litakalokuokoa kwenye hatua ya 8.

## Hatua ya 1: Amua unatafuta ufanano upi

Hati mbili zinaweza kufanana kwa njia tatu, na kila njia ina kipimo chake.

Ya kwanza ni kunakiliwa: sentensi za hati moja zimehamia kwenye nyingine, pengine zikiwa zimebadilishwa neno hapa na pale. Ya pili ni mada: zote zinazungumzia jambo moja ingawa hazina sentensi hata moja ya pamoja. Ya tatu ni maana: zinasema kitu kilekile kwa maneno tofauti.

Andika swali lako kwa sentensi moja kabla ya kufungua programu. "Nataka kujua ni ripoti zipi zimenakiliana" ni swali linalojibika. "Nataka kujua zinafanana kiasi gani" haliwezi kujibiwa, kwa sababu kila kipimo kitalijibu kivyake na vyote vitakuwa sahihi.

Umefaulu ikiwa unaweza kuchukua jozi yoyote, ukaisoma, ukasema "hii ndiyo" au "hii siyo" bila kuangalia alama.

## Hatua ya 2: Toa maandishi na uyasafishe

Hati zilizotoka kwenye PDF huja na takataka zisizoonekana kwa macho. Angalia mambo manne.

Vichwa na vijachini vya kurasa. Jina la taasisi, anwani na tarehe vikirudiwa kwenye kila ukurasa, hati zote zitaonekana ndugu. Viondoe kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Kama hati zako zina fomu moja yenye maelekezo yaliyochapwa tayari, maelekezo hayo pia yaondoke, yabaki majibu tu.

Maneno yaliyokatwa mwishoni mwa mstari. "Mwana-" juu na "funzi" chini yatahesabiwa kama maneno mawili mageni. Yaunganishe.

Herufi zilizoungana. Baadhi ya PDF huandika "fi" kama alama moja, hivyo "fika" ya hati moja hailingani na "fika" ya hati nyingine ingawa kwenye skrini hutaona tofauti. Kanuni ya Unikodi (mfumo wa kimataifa wa kuorodhesha herufi) iitwayo NFKC hutenganisha alama hizo. Python inayo kwenye moduli ya unicodedata.

Herufi kubwa na ndogo. Badilisha zote ziwe ndogo.

Umefaulu ikiwa umefungua hati tano ulizochagua kwa bahati nasibu, ukazisoma kuanzia juu hadi chini, na hukukuta mstari usio wa mwandishi wake. Zisome kweli. Kuangalia mistari kumi ya kwanza hakutoshi, maana uchafu mwingi uko kwenye mipaka ya kurasa.

## Hatua ya 3: Kata maandishi kuwa maneno, na uilinde ng'

Hapa ndipo maandishi ya Kiswahili yanapoharibiwa kimyakimya.

TfidfVectorizer, zana ya scikit-learn ya kugeuza maandishi kuwa namba, usipoipa maelekezo, huchukua kama neno mfuatano wowote wa herufi au tarakimu mbili na zaidi. Alama ya ritifaa (') si herufi kwake, ni mpaka. Kwa hiyo "ng'ombe" inakuwa "ng" na "ombe". "Ng'ara" inakuwa "ng" na "ara". Na "ng'oa" inakuwa "ng" na "oa", kwa hiyo hati ya kung'oa visiki inaanza kufanana na hati ya harusi.

Tatizo linazidi kwa sababu ritifaa yenyewe huandikwa kwa alama tofauti: iliyonyooka, iliyopinda kulia, iliyopinda kushoto. Kibodi ya simu huweka moja, programu ya ofisini huweka nyingine.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Geuza alama zote za ritifaa ziwe ile moja iliyonyooka.
2. Kila penye ng' ikifuatwa na irabu, weka herufi ŋ. "Ng'oa" inakuwa "ŋoa", na programu itaisoma kama neno moja.
3. Baada ya hapo ndipo ukate maneno.

Usizifute ritifaa zote kwa mkupuo. Ukifuta, "ng'oa" inabaki "ngoa" na "ng'ombe" inabaki "ngombe". Hilo linavumilika kama hati zote zimefutwa, lakini ukisahau moja tu, maneno yake hayatalingana na ya wenzake.

Umefaulu ikiwa ukiomba orodha ya maneno yote yaliyopatikana, "ng" peke yake haimo.

## Hatua ya 4: Shughulikia viambishi

Chukua sentensi hizi tatu kama hati fupi:

A: Mwalimu alisoma barua ya mwanafunzi darasani.
B: Barua ya mwanafunzi ilisomwa na mwalimu darasani.
C: Mwanafunzi alisoma barua ya mwalimu nyumbani.

Msomaji yeyote ataona kwamba A na B ni jambo moja, na C ni tukio lingine. Sasa tumia kipimo rahisi kuliko vyote, cha Jaccard: hesabu maneno yaliyomo kwenye hati zote mbili, gawanya kwa jumla ya maneno tofauti ya hati hizo zikiunganishwa.

A na B zina maneno 5 ya pamoja kati ya 8: alama 0.625. A na C zina 5 kati ya 7: alama 0.714. Kipimo kimechagua jozi isiyo sahihi.

Ondoa maneno-viungo "ya" na "na". Sasa A na B ni 4 kati ya 6, na A na C ni 4 kati ya 6. Zote 0.667. Tumesogea, lakini bado hatujaona tofauti.

Sasa kubali kwamba "alisoma" na "ilisomwa" zina mzizi mmoja, som. A na B zinakuwa 5 kati ya 5, alama 1. A na C zinabaki 0.667. Fomula ni ileile tangu mwanzo. Kilichobadilika ni matayarisho tu.

Maktaba nyingi za kawaida hazina kikata viambishi cha Kiswahili, na kukiandika mwenyewe ni kazi ya kutosha peke yake. Kuna njia ya mkato inayofanya vizuri ajabu: acha kuhesabu maneno, hesabu vipande vya herufi. "Alisoma" ina vipande vya herufi tatu vitano: ali, lis, iso, som, oma. "Ilisomwa" ina sita: ili, lis, iso, som, omw, mwa. Vya pamoja ni 3 kati ya 8, yaani 0.375. Kama maneno kamili, zingepata sifuri.

Kwenye TfidfVectorizer, weka analyzer (aina ya vipande) iwe "char_wb" na ngram_range (urefu wa vipande) ianzie 3 hadi 5. Mpangilio huo huongeza nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa kila neno, kwa hiyo hesabu yake itatofautiana kidogo na ya mkono niliyoifanya hapo juu.

Onyo kuhusu vipande vya herufi: havisikii ukanushi. "Atalipa" ina vipande vitano, "hatalipa" ina sita, na vitano kati ya hivyo ni vilevile. Alama ni 0.83 kwa maneno yanayopingana kabisa. Kama unalinganisha mikataba au maamuzi, jozi zote zenye alama za juu zisomwe na mtu. Na kwenye orodha yako ya maneno-viungo usiweke "si", "bila" wala "isipokuwa", hata kama ni mafupi na yanajirudia.

## Hatua ya 5: Chagua kipimo kinachojibu swali lako

### Kama swali ni kunakili

Tumia Jaccard, lakini kwa mifuatano ya maneno matano badala ya neno mojamoja. Maneno matano yanayofuatana kwa mpangilio uleule ni nadra kutokea kwa bahati, na mengi yakitokea pamoja, kuna kunakili. Kumbuka kwamba neno moja lililobadilishwa katikati ya sentensi ndefu huharibu mifuatano mitano, kwa hiyo anayebadilisha neno kila baada ya manne atakuponyoka. Ukishuku hilo, shuka hadi maneno matatu.

Kama hati moja ni fupi na nyingine ni ndefu, Jaccard itakudanganya. Tuseme hati fupi ina mifuatano 200, na yote imo ndani ya hati ndefu yenye 4,000. Jaccard inatoa 200 kwa 4,000, yaani 0.05, ingawa hati fupi imenyonywa yote. Gawanya kwa mifuatano ya hati fupi badala ya jumla, upate 1. Binafsi huwa napenda kuonyesha alama zote mbili kandokando: pengo kubwa kati yake ni ishara kwamba kitu kidogo kimemezwa na kikubwa.

### Kama swali ni mada

Tumia kosini pamoja na uzito wa TF-IDF, unaoangalia neno linajirudia mara ngapi ndani ya hati na ni adimu kiasi gani katika mkusanyiko. Kila hati inageuzwa kuwa safu ya namba, namba moja kwa kila neno au kipande, na kosini hupima pembe kati ya safu mbili. Urefu wa hati hauingilii: hati na nakala yake iliyobandikwa mara mbili zitapata 1.

Uzito unafanya kazi hivi. Katika mkusanyiko wa hati 1,000, neno lililomo kwenye zote hupata logi asilia ya 1,000 kwa 1,000, yaani logi ya 1, ambayo ni 0. Lililomo kwenye hati 100 hupata 2.3. Lililomo kwenye 10 hupata 4.6. Neno adimu ndilo linaloeleza mada, ndiyo sababu linapewa sauti kubwa.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Watu huchukua hati mbili tu na kuzipima kwa TF-IDF. Katika mkusanyiko wa hati mbili, neno la pamoja liko kwenye hati zote, kwa hiyo uzito wake ni logi ya 2 kwa 2, yaani sifuri. Maneno yote ya pamoja yanafutika na ufanano unakuwa 0 kamili, hata hati zikikaribia kuwa pacha. scikit-learn hulainisha fomula hiyo: neno la pamoja hubaki na uzito 1 na neno la hati moja hupata takriban 1.41. Alama haiangukii sifuri, ila yanayotofautiana bado yanapigiwa kelele kuliko yanayofanana.

Kwa hiyo uzito ujengwe kwenye mkusanyiko mzima, mara moja, kisha ndipo upime jozi. Ukiwa na hati mbili pekee, achana na TF-IDF; tumia hesabu ya kawaida ya vipande.

Tokeo lingine la jambo hilohilo: alama ya 0.6 kutoka mkusanyiko mmoja huwezi kuilinganisha na 0.6 ya mkusanyiko mwingine. Ukiongeza hati nyingi mpya, uzito unabadilika na alama za zamani zinapitwa na wakati.

### Kama ni majina au vichwa vya habari

Umbali wa Levenshtein unatosha: idadi ya herufi za kuongeza, kufuta au kubadilisha ili andiko moja liwe jingine. Usiupeleke kwenye hati ndefu. Ni wa polepole, na aya ikihamishwa tu kutoka juu kwenda chini, unahesabu kama balaa.

## Hatua ya 6: Kama swali ni maana, tumia modeli

Vipimo vyote vilivyotangulia huhesabu maandishi. Havijui kwamba "gari limeharibika" na "motokaa imekufa" ni habari moja. Kwa hilo unahitaji modeli iliyofunzwa kugeuza sentensi kuwa vekta, yaani safu ya namba inayobeba maana, kwa mfano LaBSE, ambayo ilifunzwa kwa lugha 109, Kiswahili kikiwamo. Vekta zikishapatikana, unapima kosini kama kawaida.

Tahadhari mbili. Modeli hizi zina kikomo cha urefu, na nyingi hukata maandishi yaliyozidi bila kukuambia. Ukiingiza ripoti ya kurasa ishirini, umepima aya zake za mwanzo tu. Igawe hati katika aya, pima aya kwa aya, kisha kwa kila aya ya kila hati chukua alama ya juu kabisa iliyopata kwenye hati nyingine, na utafute wastani wa zote.

Pili, kipimo chake hakianzii sifuri kama ulivyozoea. Maandishi yasiyohusiana kabisa yanaweza kupata alama inayoonekana ya heshima. Usibebe kizingiti cha TF-IDF (alama ambayo kuanzia hapo unasema "zinafanana") ukakileta huku.

## Hatua ya 7: Jaribu kipimo kabla ya kukiamini

Majaribio manne, dakika chache:

1. Hati ikilinganishwa na yenyewe lazima ipate 1.
2. A kwa B na B kwa A lazima zilingane. Zisipolingana, huenda umegawanya kwa urefu wa hati ya kwanza badala ya hati fupi.
3. Hati na nakala yake iliyochanganywa mpangilio wa sentensi: TF-IDF ya maneno itoe 1, mifuatano ya maneno matano ishuke. Isiposhuka hata kidogo, mpangilio wako wa mifuatano haufanyi kazi.
4. Hati mbili za mada zilizo mbalimbali kabisa zikaribie chini kabisa ya kipimo. Zikipata alama ya juu, rudi hatua ya 2. Karibu kila mara ni kichwa cha ukurasa kilichosahaulika.

## Hatua ya 8: Weka kizingiti kwa kusoma, siyo kwa kubuni

Wengi huandika 0.8 kwa sababu inaonekana nzuri. Namba hiyo haina msingi wowote mpaka uisimamishe kwenye hati zako.

Panga jozi zote kwa alama. Chukua jozi kumi kutoka kila tabaka: 0 hadi 0.2, 0.2 hadi 0.4, na kuendelea hadi 1. Ukichukua zile za juu pekee hutajua umekosa zipi. Ficha alama, kisha wewe na mwenzako msome kila jozi, kila mtu peke yake, na kuandika "ndiyo" au "siyo" kwa kufuata sentensi ya hatua ya 1.

Mkitofautiana kwenye jozi nyingi, usiguse programu. Swali lenu bado halijakaa sawa, na hakuna namba itakayowapatanisha.

Mkikubaliana, jaribu vizingiti kadhaa. Kwa kila kimoja hesabu mambo mawili: kati ya jozi zilizopita, ngapi ni "ndiyo" kweli, na kati ya "ndiyo" zote, ngapi zimepita. Ukipandisha kizingiti, la kwanza kwa kawaida huwa bora na la pili hudhoofika. Chaguo linategemea gharama ya kukosea. Kama jozi iliyopita inaweza kumletea mtu shutuma za wizi wa maandishi, weka kizingiti juu, na bado usimhukumu mtu kwa alama peke yake. Kama unasafisha tu nakala zilizojirudia kwenye hifadhi, unaweza kushuka.

## Hatua ya 9: Hati zikiwa nyingi mno

Hati 1,000 zina jozi 499,500. Kompyuta ya kawaida inamudu. Hati 100,000 zina jozi karibu bilioni 5, na hapo kulinganisha kila moja na kila nyingine hakufai tena.

Njia iliyozoeleka ni MinHash. Kila hati inafupishwa kuwa orodha ya namba, tuseme 128, kwa namna ambayo uwezekano wa namba za nafasi moja kulingana kati ya hati mbili ni sawa na Jaccard yao. Ufanano halisi ukiwa 0.5, namba 128 hukadiria kwa kosa sanifu (kiasi ambacho makadirio huyumba) la takriban 0.04.

Kisha namba hizo hukatwa vifungu, na hati mbili zinazolingana kifungu kizima popote huwekwa kwenye orodha ya washukiwa. Vifungu 16 vya namba 8 huanza kunasa jozi kwenye ufanano wa karibu 0.7. Vifungu 32 vya namba 4 hushuka hadi karibu 0.4, na washukiwa wa uongo huongezeka. Kwa kila mshukiwa rudi kwenye hati zenyewe, pima Jaccard halisi, na utupe zilizoingia kwa bahati.

Ukimaliza utataka kuzipanga hati katika makundi, na hapo uwe mwangalifu. A ikifanana na B, na B ikifanana na C, haimaanishi A inafanana na C. Ukiunganisha kila jozi iliyovuka kizingiti kama mnyororo, unaweza kuishia na kundi moja lenye nusu ya mkusanyiko, ambamo hati ya kwanza na ya mwisho hazina hata sentensi moja ya pamoja. Chagua hati moja iwe kiini cha kila kundi, na uingize tu zile zinazovuka kizingiti zikilinganishwa na kiini hicho.